Jino Lililonyamaza Halijapona

Hotuba ya tabibu wa kinywa na meno kwa wananchi, katika mkutano wa hadhara wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, kuadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tarehe 20 Machi

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Afisa Mtendaji, viongozi wetu wa dini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazee wangu, akina mama, vijana na watoto wetu wa shule: mbukwenyi!

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kuacha kazi zenu kuja kunisikiliza, maana najua kuwa mwezi huu wa tatu mtama na uwele bado viko shambani na kila saa ya mchana ina thamani yake.

Nimepewa mada ya maumivu makali ya jino na namna ya kupata matibabu. Ningeweza kuutumia muda wote kueleza habari za mswaki na dawa ya meno, na mambo hayo ni ya kweli, lakini yamesemwa mara nyingi shuleni na redioni, na mtu ambaye usiku wa kuamkia leo amekesha kwa sababu ya gego hasaidiwi na somo la mswaki. Kwa hiyo leo nitasema na mgonjwa mwenyewe: yule ambaye jino linamuuma sasa, au lilimuuma likaacha, na mpaka leo hajafika kwa tabibu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na kwamba kuoza kwa meno ndiko kunakoongoza. Mimi ukubwa wa jambo hili nauona kwenye benchi lililo nje ya chumba chetu cha matibabu kila Jumatatu asubuhi. Kanga imefungwa kuzunguka taya, kiganja kimebandikwa shavuni, mtu mzima ameinamisha kichwa upande mmoja na hataki hata kusalimiwa, kwa sababu kufungua mdomo kumekuwa mateso. Nikimwuliza lilianza lini, jibu karibu ni lile lile: lilianza mwaka jana wakati wa kupanda, likaacha lenyewe, likarudi wakati wa mavuno, likaacha tena, na sasa limerudi limekataa kabisa. Maneno hayo mawili, "likaacha lenyewe", ndiyo yaliyonileta hapa leo.

Jino si mfupa mkavu. Nje lina gamba la enameli, ambalo ni gumu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Chini ya gamba hilo kuna dentini, na katikati kabisa kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na neva. Bakteria wa kinywani wakipata sukari hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha enameli kidogo kidogo bila maumivu yoyote, kwa kuwa enameli haina neva. Tundu linapofika kwenye dentini, mtu huanza kuhisi jino likishtuka anapokunywa maji ya baridi au anapokula kitu kitamu, kisha mshtuko huo hupita ndani ya sekunde chache. Hiyo ndiyo hatua nzuri ya kuja kututazama, kwa sababu kiini bado kiko hai na kazi iliyopo ni kulisafisha tundu na kuliziba. Kwa masikitiko yangu, hiyo ndiyo pia hatua ambayo wanaokuja ni wachache mno, kwa kuwa maumivu ya sekunde chache hayamzuii mtu kwenda shambani wala mnadani.

Ukichelewa, bakteria hukifikia kiini nacho huvimba. Mkono ukivimba, ngozi hutanuka. Lakini kiini cha jino hakina pa kutanukia, kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, mithili ya kidole kilichovimba ndani ya pete. Hapo maumivu huja bila kuchokozwa, hupiga pamoja na mapigo ya moyo, hupanda hadi sikioni na kwenye paji la uso, na huzidi usiku kwa sababu ukilala chali msukumo wa damu kichwani huongezeka. Mara nyingi mgonjwa hawezi hata kuonyesha ni jino lipi hasa; nimekuwa na wagonjwa walioapa kuwa linalouma ni la juu, nasi tukakuta lililooza ni la chini. Kisha, baada ya siku au majuma kadhaa, maumivu hukoma. Mgonjwa hulala usiku kucha. Akiamka anamshukuru Mungu na anaishukuru dawa yoyote aliyokuwa ameitumia jana yake, iwe amoksilini ya dukani, mizizi aliyoitafuna au ugoro aliousokomeza kwenye tundu.

Ndugu zangu, kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, na neva iliyokufa haiumi. Walio hai ni bakteria, ambao sasa wamepata mahali pa kukaa pasipo na mkondo wa damu, yaani mahali ambapo kinga ya mwili haifiki na dawa ya kumeza pia haifiki. Kutoka hapo hupenya kwenye ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya, na huko usaha hujikusanya polepole kwa majuma, kwa miezi, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka. Baadaye mtu huhisi jino limekuwa refu kuliko mengine na haliwezi hata kutafuna ugali. Wengine huota kipele kwenye fizi ambacho hupasuka, hutoa usaha kidogo na kuziba tena. Kipele hicho watu hukifurahia, kwa sababu kikipasuka maumivu hupungua. Kwa tabibu kinaonyesha kwamba ugonjwa umeshatoboa mfupa na kutokea nje.

Sasa niseme juu ya woga, kwa sababu nikimwuliza mtu kwa nini hakuja mapema, hutaja kwanza umbali, kisha nauli, kisha kazi za shamba, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, hukiri kwamba anaogopa. Nikiuliza anaogopa nini, hunisimulia habari za shangazi au jirani aliyeng'olewa jino ilhali ganzi haijashika, akashikwa mabega na watu wawili huku akilia. Sitasimama mbele ya wazee wangu kusema kwamba habari hizo ni za uongo. Baadhi yake ni kweli tupu, na waliopatwa na mambo hayo waliumia kweli. Ninachoomba ni kwamba mnisikilize nieleze kwa nini ganzi hukataa kushika, kwa sababu nadhani jambo hili hatujawahi kulieleza vya kutosha.

Dawa ya ganzi tunayoitumia zaidi huitwa lignokeini. Iliundwa na mkemia Nils Löfgren nchini Sweden mwaka 1943, na tangu wakati huo imetumika kwa watu wasiohesabika, kwa hiyo si dawa ya kubahatisha. Lakini ili ifanye kazi lazima ipenye ukuta wa neva, na mahali penye usaha na uvimbe mkali nyama za mwili huwa na asidi, nayo asidi hiyo huifanya sehemu kubwa ya dawa ishindwe kupenya. Tena neva iliyochokozwa kwa muda mrefu huwa kali kuliko ilivyo kawaida yake. Mgonjwa wa namna hiyo huchomwa sindano ile ile aliyochomwa mwenzake, kwa kipimo kile kile, na bado akasikia maumivu.

Tazameni basi jinsi mambo yanavyofuatana. Mtu anaogopa, kwa hiyo anachelewa. Kwa kuchelewa, usaha unakusanyika. Palipo na usaha ganzi inashika kwa shida, naye anaumia. Akirudi nyumbani anasimulia alivyoumia, na wote wanaomsikia wanaogopa, nao wanachelewa kama yeye. Kwa maoni yangu, huu ndio ugonjwa mkubwa wa meno katika vijiji vyetu, kuliko hata sukari. Na haukomi kwa kumwambia mtu ajikaze. Unakoma pale mtu mmoja katika familia anapokuja mapema, akachomwa sindano kwenye fizi isiyo na usaha, akatibiwa bila maumivu, kisha akarudi kusimulia hayo jioni wakati wa kula.

Alikuja kwetu dada mmoja anayepika chakula mnadani, ambaye gego lake la chini lilikuwa likishtuka tu anapokunywa maji ya baridi. Alishika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili na kuomba aonyeshwe sindano kwanza. Nilimwonyesha. Nilipaka dawa ya juu juu kwenye fizi, nikasubiri, nikachoma polepole, kisha tukaketi kimya mpaka mdomo wake wa chini ulipoanza kufa ganzi akawa anaugusagusa kwa kidole kama usio wake. Nilikwangua sehemu iliyooza, nikaziba, nikamwambia aume meno. Alipitisha ulimi juu ya jino, akaniuliza kama nitaanza sasa. Nilimwambia kazi imekwisha. Juma lililofuata alirudi akiwa na mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa na jino bovu tangu kabla ya mjukuu wa kwanza kuzaliwa, na hakuna hotuba yangu ambayo ingemleta yule mama.

Sisi matabibu tuna wajibu wetu, na nausema hapa mbele ya viongozi ili muudai. Baada ya sindano, tabibu anapaswa kusubiri dakika kadhaa na kujaribu kama ganzi imeshika kabla hajagusa jino. Wakati wa kung'oa utahisi kusukumwa na kuvutwa, na utasikia mlio wa mfupa, lakini hupaswi kusikia maumivu makali. Ukiyasikia, inua mkono, naye anapaswa kusimama na kuongeza ganzi au kuichoma mahali pengine, mbali na uvimbe. Pakiwa na usaha mwingi, wakati mwingine jambo la busara ni kuupasua usaha utoke kwanza, kukupa dawa, na kukupangia siku ya kurudi. Mgonjwa akiambiwa arudi asidhani amefukuzwa, na tafadhali arudi kweli, kwa sababu wengi wakipata nafuu hiyo hatuwaoni tena mpaka uvimbe mwingine.

Najua pia kwamba jino halichagui saa. Linaweza kukushika usiku wa Ijumaa, mvua imeharibu njia na bodaboda hakuna. Kwa saa hizo, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi vinane ndani ya saa 24. Asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za namna hiyo, wala ujauzito, anaweza kuongeza ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, na kwa maumivu ya jino zikitumika pamoja husaidia zaidi kuliko moja peke yake. Soma au somewa karatasi ya dawa nyingine unazotumia, kwa maana dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na kuizidisha huharibu ini. Watoto hupewa dawa kwa uzito wao, na aspirini wasipewe kabisa.

Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi moja, ili kutoa mabaki ya chakula kwenye tundu. Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mto wa pili au nguo zilizokunjwa. Weka kitambaa cha maji ya baridi shavuni kwa nje. Karafuu wazee wetu hawakukosea: mafuta yake yana dawa iitwayo yujinoli, ambayo hutuliza neva, na sisi wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Tone moja kwenye pamba, juu ya tundu tu, latosha. Ukimwaga mdomoni litaunguza fizi.

Yapo mambo ambayo nawasihi muyaache. Maji ya betri ni asidi kali, na anayeyaweka kwenye jino anaunguza fizi, ulimi na koo lake. Petroli, mafuta ya taa na ugoro havitibu jino. Kidonge cha aspirini kikibandikwa kwenye fizi huacha kidonda cheupe cha kuungua, na kidonda hicho huuma kwa siku nyingi baada ya jino lenyewe kutolewa. Pombe kali humlewesha mgonjwa, jino likabaki pale pale. Waganga wetu wa jadi, ambao baadhi yenu mko hapa nami nawaheshimu, naomba tushirikiane kwa jambo moja: mtu akija kwenu na shavu limevimba, msimshike, mleteni.

Juu ya antibayotiki nitasema kwa uwazi, kwa kuwa wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wako nasi. Mtu mwenye maumivu ya jino bila uvimbe wala homa hahitaji amoksilini. Nimekwisha kueleza kwamba kiini kilichokufa hakina damu ya kuipeleka dawa ndani, na kiini ambacho kimevimba tu hakiumi kwa sababu dawa hiyo imekosekana. Antibayotiki ina kazi yake pale maambukizi yanapoenea nje ya jino, na hata hapo ni msaada kwa matibabu, haichukui nafasi ya kulitibu au kulitoa jino lenyewe. Anayenunua vidonge sita, akameza vinne na kumwachia jirani viwili, anawafundisha bakteria kuizoea dawa, na siku mtoto wake atakapopata nimonia dawa hiyo hiyo inaweza kukataa.

Zipo dalili ambazo mtu hapaswi kungoja asubuhi. Uvimbe ukishuka chini ya taya na kwenye shingo, ulimi ukainuka, mate yakakushinda kumeza, kinywa kikashindwa kufunguka, sauti ikabadilika, au jicho likaanza kufunga kwa uvimbe wa shavu la juu, nenda hospitali usiku huo huo. Maambukizi ya jino la chini yanaweza kusambaa pande zote mbili chini ya ulimi na kuziba njia ya hewa. Hali hiyo ilielezwa na daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kabla antibayotiki hazijapatikana, zaidi ya nusu ya walioipata walikufa. Leo anayefika mapema hupona, na anayefika kwa kuchelewa huhitaji upasuaji wa shingo na msaada wa kupumua, ambavyo haviko katika zahanati yetu. Huyo atapelekwa mjini Dodoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kila saa iliyopotea nyumbani inahesabika. Mgonjwa wa kisukari asisubiri hata uvimbe uwe mkubwa, kwa kuwa kwake maambukizi huenda mbio na sukari hupanda. Niongeze hapa kwamba maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua na jasho jingi yanaweza kuwa ya moyo, nayo huhitaji hospitali mara moja.

Mkifika kwetu, matibabu hutegemea hatua ya ugonjwa. Jino ambalo kiini chake kiko hai huzibwa. Wengi hudhani kuziba ni huduma ya mjini, ya mashine na umeme, na hapa nina habari ambayo hunifurahisha kila ninapoisema. Ipo njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, ambapo tabibu hukwangua uozo na kujaza tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Njia hiyo ilianza hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi ya wataalamu wa meno wa Dar es Salaam akiwemo Jo Frencken kutoka Uholanzi, wakitafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini kusikofika umeme. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza, na sasa inatumika katika nchi nyingi, zikiwemo tajiri. Mara nyingi haihitaji hata sindano, na mtoto anaweza kutibiwa akiwa amelazwa juu ya meza ya darasani.

Jino ambalo kiini kimekufa lina njia mbili. Linaweza kutibiwa mzizi, yaani kukitoa kiini, kusafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Kazi hiyo huhitaji picha za eksirei na hufanywa na daktari wa meno katika hospitali kubwa, pengine kwa kurudi zaidi ya mara moja, na gharama yake ni kubwa. La sivyo, hung'olewa. Mwenye uwezo wa kulitibu mzizi jino la mbele au gego zima analotafunia, namshauri afanye hivyo, kwa kuwa pengo huyafanya meno jirani yainame. Lakini simlaumu mtu anayechagua kung'oa kwa sababu ya fedha, na jino lililoachwa linatunga usaha ni baya kuliko pengo. Mwenye kadi ya bima ya afya aje nayo, na aulize mapema dirishani ni huduma zipi za meno zimo, kabla hajaketi kwenye kiti.

Kabla ya sindano tutakuuliza kuhusu presha, kisukari, moyo, pumu, dawa za kuzuia damu kuganda, na kama damu yako huwa ngumu kukatika. Naomba msifiche lolote. Tunauliza ili tujue namna ya kukutibu kwa usalama, wala hatutafuti sababu ya kukukataa. Mama mjamzito anaweza kutibiwa jino, na miezi ya katikati ya ujauzito ndiyo inayofaa zaidi. Uvimbe wenye usaha hautasubiri mpaka ajifungue. Usije na njaa, kwa kuwa wengi wanaozimia kwenye kiti hawajala tangu jana yake. Ukishang'olewa, uma pamba kwa nusu saa bila kuitoa kila mara kuangalia. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme teme mate, usivute sigara, usinywe chai ya moto, kwa sababu bonge la damu lililo kwenye shimo ndilo linalofunika mfupa. Likitoka, maumivu makali huja siku ya pili hadi ya nne, mara nyingi pamoja na harufu mbaya. Rudi tusafishe na kuweka dawa. Damu ikiendelea kutiririka baada ya kuuma pamba mara mbili, rudi pia, hata kama ni usiku.

Nimalizie na watoto, maana wengi wa wagonjwa wangu wakubwa walianzia huko. Mtoto anapokaribia miaka 6, nyuma kabisa ya meno yake ya utoto huota gego jipya, juu na chini, kushoto na kulia. Gego hilo haliangushi jino lolote ili liote, kwa hiyo wazazi hawalioni likija, na likianza kuoza husema ni la utoto, litang'oka. Halitang'oka lenyewe, wala hakuna jingine linalokuja baada yake. Ndilo gego atakalotafunia mpaka uzeeni. Ndiyo maana ninaowang'oa wakiwa na miaka 12 au 15, wanaotoka na pengo la maisha, mara nyingi wamepoteza gego hilo hilo. Akina mama, leo jioni mfungueni kinywa mtoto wa darasa la kwanza, mtazame nyuma kabisa. Mswaki ufike huko kwa dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala, na mzazi amsimamie. Mswaki wa mti nao unasafisha vizuri ukitumika kwa subira, lakini floraidi hautampa. Biskuti, soda na ubuyu wa sukari viwe pamoja na chakula, visiwe kitu cha kunyonywa kutwa nzima.

Wengine mtaniuliza juu ya meno ya kahawia, ambayo ni ya kawaida katika sehemu za kanda yetu ya kati, hasa upande wa Singida, ambako maji ya visima vingine yana floraidi nyingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Rangi hiyo hutokea jino linapoumbwa utotoni na si kuoza. Msiyasugue meno hayo kwa mchanga wala mkaa, na mtu asing'olewe kwa ajili ya rangi. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga anayeharisha na kuwa na homa, akaambiwa ana "meno ya plastiki": kile cheupe kwenye fizi ni jino changa ambalo halijaota. Kulichokonoa hakuondoi homa, huleta damu, maambukizi na wakati mwingine kifo. Mtoto huyo anahitaji zahanati.

Mheshimiwa Diwani, wenzangu wawili wako katika darasa lililo karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, na baada ya mkutano huu watakagua kinywa cha kila anayetaka, bila malipo. Leo hapa hatutang'oa jino la mtu; tutaziba yale yanayozibika kwa vifaa vya mkono, na wengine tutawaandikia rufaa yenye siku ya kufika hospitali ya wilaya, tukianza na wale ambao jino lilishtuka wiki hii tu. Wanaotumia dawa za kila siku wawatume vijana wawaletee vidonge vyao tuvione. Mwenye shavu au shingo iliyovimba asipange foleni, aje kwangu hapa mbele sasa hivi.